Vipimo vya El Osob

Jumanne ya tatu ya Januari 1967, saa nane na robo mchana, Keynan Abdille aliunganisha nyaya mbili kwenye oskiloskopu nambari sita, akawasha swichi, akangoja mashine ipate joto. Alikuwa mwaka wa pili katika uhandisi wa umeme, upande wa mawasiliano, kwenye chuo kikuu kule Nairobi. Zoezi la siku hiyo lilikuwa jepesi: kupima wimbi la umeme na kulichora kwenye karatasi ya grafu. Kioo cha mashine kilikuwa cha mviringo, kikubwa kama kisahani cha kikombe, na ndani yake mstari wa kijani ulitakiwa kupanda na kushuka bila kuchoka, kilima na bonde, kilima na bonde, kama kitabu kilivyoeleza.

Mstari ulitokea. Ukatetemeka kidogo, ukatulia, ukawa ardhi, na juu ya ardhi hiyo wakapita ngamia.

Walikuwa wadogo kama punje za mtama. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine kutoka kushoto kwenda kulia, na kila walipofika ukingoni mwa kioo walianza tena kushoto. Keynan aliwahesabu, wakawa sitini na wawili. Mbele yao alitembea mtu mrefu aliyejitanda shuka. Nyuma kabisa alikuja mwingine, fimbo mabegani, mikono yote miwili ikining'inia juu ya fimbo, akichechemea mguu wa kushoto. Wa mbele alikuwa baba yake. Wa nyuma alikuwa kaka yake Warfa, ambaye alipigwa teke na ngamia akiwa na miaka tisa na mguu haukuunga sawasawa.

Keynan alimwita fundi wa maabara, mzee wa Kitaita aliyevaa koti la kijivu lenye kalamu tatu mfukoni. Fundi aliinama, akatazama, akafuta kioo kwa kitambaa, akatazama tena.

"Nambari sita ndivyo ilivyo," alisema. "Mwaka juzi ilikuwa na mwanafunzi wa Kisii, ikamwonyesha migomba ya mama yake tangu muhula wa kwanza hadi wa mwisho. Alifaulu tu. Wewe punguza mwanga, usije ukaunguza kioo."

Keynan alipunguza mwanga. Akachora alichokiona, kwa kuwa zoezi lilisema mwanafunzi achore anachokiona. Alhamisi mhadhiri, Mwingereza mwenye nywele chache, alimrudishia karatasi ikiwa na alama nne juu ya kumi.

"Hawa ni ngamia wa baba yangu, bwana," Keynan alisema.

"Naona ni ngamia," mhadhiri alijibu. "Sioni kipimo. Mstari wa chini ni sekunde ngapi? Wa wima ni volti ngapi? Mchoro usio na vipimo ni pambo la ukutani, Bwana Abdille. Mhandisi akichora, mtu mwingine aweze kuchukua karatasi hiyo na kufika palepale alipofika yeye."

Keynan aliliandika neno hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari.

Kwao, kaskazini mashariki, kulikuwa na vita, mwaka wa nne sasa. Kulikuwa na waliotaka mkoa ujiunge na Somalia, na serikali iliyokataa, na kati yao watu wenye mifugo. Mwaka uliotangulia amri ilitoka kwamba kila mtu aingie kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Atakayekutwa nje bila kibali angehesabiwa kuwa shifta, yaani mwasi wa porini, na mifugo yake ingehesabiwa kuwa mifugo ya shifta. Mama yake Keynan, Habibo, aliingia kwenye kijiji kimoja kama hicho upande wa Balambala, akiwa na mbuzi sita na mikeka ya nyumba. Baba yake, Abdille, alifika hadi langoni, akaangalia ndani, akauliza ngamia watakula nini. Askari akamwambia hilo si swali lake. Abdille alimwambia mkewe kwamba anakwenda kuwalisha na atarudi, na hakurudi. Warfa alikwenda naye.

Haya yote Keynan aliyajua kutokana na barua. Habibo hakujua kuandika, kwa hiyo aliyemwandikia ni kaka yake, Gelle, mjomba wake Keynan, aliyekuwa na kibanda cha chai kijijini humo na aliyeitwa na askari kila walipohitaji mkalimani. Gelle aliandika Kiswahili kizuri chenye mwandiko wa kulala. Barua zilifunguliwa njiani, hivyo alikuwa mwangalifu. "Sisi tuko ndani, hatujambo," aliandika. "Wale wawili wako nje, na habari zao ni kwa Mungu."

Tangu Januari hiyo, habari zao zikawa pia kwa Keynan, Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja.

Aliizoea njia yao. Kilikuwa kipindi cha jilaal, kiangazi kikali, na ardhi kwenye kioo ilikuwa tupu: laga, mkondo wa mto uliokauka, miti michache isiyo na majani, halafu kichuguu kirefu kilichopinda shingo kama mtu anayesikiliza. Alipokiona kichuguu hicho Keynan alijua walikokuwa wakielekea. Kushoto mwa kichuguu, mwendo wa saa moja na nusu hivi, kulikuwa na El Osob, kisima alichokichimba bibi yake mzaa baba, Osob, mwaka wa njaa moja ya zamani. Kilifunikwa kwa matawi ya miiba na mchanga, na mtu angeweza kupita juu yake asijue. Watu wa nyumba yao tu ndio waliokijua, pamoja na Gelle, aliyeonyeshwa siku alipomleta dada yake kuolewa.

Wiki ya mwisho ya Januari ngamia walikuwa hamsini na wanane. Wiki ya pili ya Februari walikuwa hamsini na mmoja, na walitembea wakiwa wameinamisha shingo. Chini ya meza nambari sita palianza kujaa mchanga mwekundu. Fundi aliuzoa kila Alhamisi jioni na kuandika kwenye kitabu cha usafi: mchanga, nusu ndoo. Siku moja aliandika: mchanga, ndoo moja, mwiba mmoja. Mwanafunzi aliyeketi meza moja na Keynan, aliyekuwa akisoma namba huku Keynan akiandika, alilalamika kwamba anasikia kengele ya mbao ya ngamia ikigonga na inamchanganya kuhesabu. Mhadhiri alimshauri aketi upande wa pili.

Keynan aliona kwamba El Osob ilikuwa ikikauka. Baba yake na Warfa walishuka kisimani kwa zamu, na kila siku walikaa chini muda mrefu zaidi kabla ya ndoo ya ngozi kupanda. Mto Tana ulikuwa na maji yake yote, mwendo wa siku mbili upande wa magharibi, na ukingo wake wote ulikuwa umekatazwa.

Basi Jumatatu moja alivaa koti lake la pekee, akaenda kwenye ofisi moja mjini iliyoshughulikia mambo ya mkoa wao. Alipokewa na ofisa mpole, mtu wa makamo, aliyemkaribisha kiti na kumwagizia chai. Ukutani nyuma yake palikuwa na ramani kubwa, na upande wa kaskazini mashariki wa ramani hiyo ulikuwa mweupe mno.

"Nataka kibali," Keynan alisema. "Baba yangu na kaka yangu waruhusiwe kuwaleta ngamia mtoni, kisha waingie kijijini. Hawana bunduki. Wana ngamia hamsini na mmoja na ndoo."

"Umejuaje idadi yao?"

Keynan alimweleza kuhusu oskiloskopu nambari sita, akamwonyesha mchoro. Ofisa aliutazama kwa heshima. Akasema yeye mwenyewe hakusoma sayansi, ila alikuwa na shemeji katika reli aliyewahi kuona jambo la aina hiyo kwenye mashine ya simu.

"Kibali kinawezekana," alisema. "Lakini fikiria mwenyewe, kijana. Nitaandika nini? Niandike, 'Waruhusiwe ngamia walio mahali fulani'? Askari wa doria wataelewaje? Wataona kundi porini, watafyatua. Niletee mahali. Kutoka Balambala, maili ngapi, upande gani. Hapo nitawaambia wasiwaguse."

Lilikuwa jambo la busara. Keynan aligeuza maneno hayo kichwani njia nzima kurudi chuoni na hakuona kasoro.

Jumanne na Alhamisi hiyo alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya. Alipima muda ngamia waliochukua kuvuka kioo. Alijua mwendo wa ngamia mwenye kiu, kwa sababu alikua nyuma yao, na mwendo huo akaugeuza kuwa maili. Alijua kivuli cha Warfa saa nane mchana, akakitumia kupata upande wa jua. Alianzia kwenye laga, akapita kichuguu, akaweka mshale wa kushoto, akaandika umbali mbele ya kila kipande. Mstari wa chini aliupa kipimo. Mstari wa wima aliupa kipimo. Pembeni, kwa herufi zake ndogo zilizosimama wima, aliandika: El Osob. Kisha akarudia hesabu yote tangu mwanzo, akakuta amekosea kwa robo maili, akasahihisha.

Angeweza kuacha ile robo maili. Angeweza kukosea. Wanafunzi hukosea kila siku, na hakuna anayewauliza.

Alitengeneza nakala mbili. Moja aliiwasilisha kwa mhadhiri, akapata kumi juu ya kumi, na darasani mhadhiri aliiinua juu ili wengine waone mchoro unavyotakiwa kuwa. Nyingine aliipeleka kwa ofisa.

"Hii ni kazi safi sana," ofisa alisema. Alisimama, akaiweka karatasi juu ya ile sehemu nyeupe ya ramani, akaisogeza kidogo mpaka ikakaa. "Taifa linahitaji wasomi kama wewe. Nenda kasome, usiwe na wasiwasi."

"Na kibali?"

"Kitatangulia. Kitafika kabla yako."

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tisa kasoro robo, ngamia walikuwa wamekaa kuzunguka kisima. Baba yake alikuwa amelala mbali kidogo, chini ya mti. Warfa alikuwa ametoka kisimani na kumwaga maji kwenye birika la udongo. Kutoka ukingo wa kushoto wa kioo yakaingia magari matatu, yakifuata mstari kwa unyoofu, yakazunguka kichuguu upande wa kushoto bila kupunguza mwendo. Keynan alifikiri: wamekuja na kibali. Aliliamini hilo kwa muda wa sekunde nne hivi.

Ngamia walianza kulala ubavu. Walilala mmoja baada ya mwingine kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mpangilio, kama namna walivyotembea. Warfa alikimbia hatua chache kuelekea porini. Halafu akasimama, akageuka, akarudi kwa ngamia akiwa ameinua fimbo juu, jinsi mchungaji anavyofanya anapotaka kundi linyanyuke. Hakufika. Mstari ulitetemeka, ukatulia, na ukawa mstari.

Kisha ukaanza kupanda na kushuka, kilima na bonde, kilima na bonde.

Fundi alipita na ndoo yake, akatazama kioo. "Imepona," alisema.

Kwa siku mbili nzi walijaa chini ya meza nambari sita, halafu wakaisha. Keynan alikwenda kwenye ile ofisi mara tatu. Mara ya kwanza ofisa alikuwa mkutanoni, mara ya pili alikuwa safarini, na mara ya tatu kiti chake kilikuwa na mtu mwingine, ambaye hakujua habari ya kibali chochote na akamwomba aandike barua. Aliandika barua. Mwezi wa tatu alifanya mtihani wa vitendo kwenye mashine ileile, na kwa mara ya kwanza vipimo vyake vililingana na vya kitabu. Alikuwa wa pili katika darasa lake.

Likizo ilipofika alipewa pasi ya kusafiri ya siku kumi na nne. Alipanda lori la mahindi hadi Garissa, akavuka daraja la mto, akakaguliwa, akapanda lori jingine kufuata Tana kwenda juu. Mvua za gu zilikuwa zimeanza, na kote njiani majani yalikuwa yameota na hapakuwa na kitu cha kuyala.

Habibo alimshika mikono yote miwili na hakulia. Alisema, "Warfa hayupo," naye Keynan akasema, "Najua, hooyo." Mama hakuuliza amejuaje, kwani msomi hujua mambo.

Abdille alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba. Siku ile ya El Osob askari walimfunga kamba, wakamleta kijijini kwenye lori, wakamhoji siku tano, kisha wakamwachia kwa kuwa alikuwa mzee. Alikuwa akisuka kamba ya kufungia ngamia. Kando yake palikuwa na kamba nyingine nyingi zilizokwisha.

"Walikuja moja kwa moja," Abdille alisema walipomaliza kusalimiana. "Hawakufuata nyayo. Hawakuzunguka. Walikuja kama watu wanaorudi nyumbani kwao."

"Kijiji kinasemaje?"

"Kijiji kinasema Gelle. Asubuhi ile alionekana kwenye gari la mbele, kando ya dereva. Nani mwingine nje ya nyumba yetu aliyekijua kisima?"

Keynan alitazama kamba zile. Alikuwa ameandaa maneno tangu Garissa, na sasa hakuyahitaji.

"Aabo, si abti Gelle. Ni mimi."

Akaeleza. Alieleza mashine, ofisa, kibali, vipimo. Abdille alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kusuka. Kuhusu mashine aliuliza jambo moja tu.

"Warfa alionekana humo?"

"Alionekana."

"Alikimbia?"

"Alikimbia kidogo. Halafu akawarudia ngamia. Alikuwa amewainulia fimbo."

Vidole vya Abdille vilisimama. "Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi," alisema. "Waliniwekea buti shingoni. Nimeuliza kila mtu, hakuna aliyeweza kuniambia." Akavuta pumzi. "Asante, mwanangu."

Kisha akaongeza, "Usimwambie mtu. Nilikuwa na wawili, sasa nina mmoja. Gelle ni mtu mzima. Ataweza."

Keynan aliweza kunyamaza kwa siku tatu. Katika siku hizo aliona mambo yalivyokuwa. Kibanda cha Gelle kilifunguliwa kila alfajiri, birika likachemka, na hakuna mtu aliyekunywa chai yake. Mkewe Batula alichota maji mwisho, wengine wote wakishaondoka. Binti yao Lul alikuwa ameposwa na mtu wa Bura, na posa ilikuwa imerudishwa kwa maneno ya adabu. Hata Habibo, aliyenyonya titi moja na Gelle, alipita mbele ya kibanda akiwa ameangalia upande wa pili. Askari peke yao ndio waliomwita, na kila walipomwita watu walitikisa vichwa, kana kwamba wameonyeshwa ushahidi.

Siku ya nne Keynan aliingia kibandani na kuketi. Gelle alimmiminia chai yenye iliki na maziwa ya unga, akaketi mbele yake. Alikuwa amekonda.

"Abti," Keynan alianza.

"Ile karatasi ilikuwa nzuri," Gelle alisema.

Keynan aliweka kikombe chini.

"Nimesoma mwandiko wako tangu ukiwa darasa la pili," Gelle aliendelea. "Unasimamisha herufi kama miti ya seng'enge. Waliponipandisha kwenye gari, luteni alikuwa nayo mapajani. Nikaona laga, nikaona kichuguu, hata shingo yake ulivyoipinda. Nilijua tunakokwenda kabla dereva hajajua."

"Kwa nini walikuchukua?"

"Nitafsiri, kukiwa na mtu wa kuulizwa. Tulipofika kwenye kichuguu nikamwambia luteni, 'Afande, njia iko kulia. Mimi ni mtu wa huku.' Akatazama karatasi. Akaniambia, 'Hapana, mzee, hapa pameandikwa kushoto, maili tatu na robo.' Nikaapa. Nikaapa kwa Mungu, uwongo, kwamba ni kulia. Akasema karatasi imetengenezwa na mtu aliyesoma." Gelle alifuta meza kwa kiganja. "Na kweli ilikuwa maili tatu na robo. Nilikuwa nikitazama namba za maili mbele ya dereva."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Niwaambie nini? Kwamba ni mtoto wa dada yangu? Wangekufanya nini, na wewe unataka siku moja urudi kwenu? Kunywa chai, inapoa."

Keynan aliinywa. Ilikuwa chai nzuri. Aliomba kikombe cha pili, akakinywa akiwa amekaa mlangoni ili aonekane, na watu walipita wakamwona. Jioni hiyo mama yake alimwambia kwamba kijiji kizima kinasifu moyo wake.

Ijumaa, baada ya swala, alisimama msikitini, chini ya paa la mabati lililowekwa na serikali. Aliomba ruhusa kwa imamu, Sheikh Nunow, akapewa. Baba yake aliinamisha kichwa. Gelle alikuwa safu ya nyuma kabisa, na kushoto na kulia kwake mkeka ulikuwa wazi.

Keynan alisema yote. Hakupunguza kitu. Alitaja Jumanne na Alhamisi, alitaja ofisi, alitaja kichuguu na mshale wa kushoto. Alitoa kutoka mfukoni ile nakala yenye alama kumi juu ya kumi, akaipitisha kwa wazee. Alisema mjomba wake alijaribu kuwapoteza askari na kwamba karatasi hii ndiyo iliyomshinda.

Wazee waliitazama karatasi kwa zamu. Kulow, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na aliyewahi kumiliki ngamia mia mbili, aliishika mbali na macho yake, akasema njia imechorwa sawasawa.

"Kwamba mashine ilionyesha ngamia, hilo tunalikubali," alisema. "Redio inatuletea sauti ya mtu aliye Mogadishu, na hayupo chumbani. Kwa nini ishindwe kuleta ngamia? Mungu ana uwezo." Wengine waliitikia kwamba Mungu ana uwezo. "Lakini mtoto wa kiume aliyelelewa kwa maziwa ya ngamia wale, akawachorea njia ya kufa pamoja na ndugu yake wa tumbo moja, hilo haliwezekani. Halijatokea. Kijana ameona mjomba wake anavyotengwa, akashikwa na huruma, akaamua kujitwika. Huyo ni mtu aliyelelewa."

"Ni mwandiko wangu," Keynan alisema. "Tazameni. Ni mwandiko wangu."

"Mwandiko ni wako," Kulow alisema kwa upole. "Umefanya bidii."

Walimpa mkono mmoja mmoja. Sheikh Nunow alimwombea dua afike mbali katika masomo. Wengine walimgeukia Abdille na kumpongeza kwa mwana aliyebaki, naye Abdille alipokea mikono yao bila kuinua macho. Alipotafuta safu ya nyuma, Keynan aliona mkeka mtupu. Gelle alikuwa ameshavaa viatu na kwenda zake. Wiki hiyo, posa mbili zililetwa kwa Habibo kwa ajili ya Keynan, kutoka katika nyumba ambazo zisingekubali kuomba moto kwa Batula.

Siku ya kumi na tatu lori la kwenda Garissa lilifika saa tatu asubuhi. Watu walimsindikiza Keynan hadi langoni, wanawake wakimtilia nyama kavu kwenye mfuko. Hapo kila anayetoka alihojiwa mbele ya mkalimani, hata kama alijua Kiswahili, kwa kuwa amri ilisema hivyo. Gelle aliitwa. Watu walirudi nyuma hatua kadhaa alipopita.

Askari, kijana wa bara aliyekuwa na homa, alikaa mezani akiwa amefunga skafu. Alifungua pasi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtoto wa dada yangu," Gelle alisema. "Anasoma uhandisi wa umeme Nairobi."

"Mwulize kama amebeba kitu kisichoruhusiwa."

Gelle aliuliza kwa Kisomali. Walikuwa wamesimama karibu, kiasi kwamba Keynan aliona mvi mpya kwenye ndevu za mjomba wake.

"Abti," alijibu kwa Kisomali, "nimejaribu. Nisamehe."

Askari aliinua macho. "Anasema nini?"

Gelle alimtazama Keynan kwa muda ambao mkalimani haruhusiwi kutazama. Kisha akamgeukia askari.

"Anaomba njia," alisema.

Askari akagonga muhuri, akafungua lango.